Janga likibisha hodi kwenye ofisi ya kaunti, anza na sahihi

Kazi nyingi za kaunti hazijui janga. Watu wanafariki na ndugu wanahitaji vibali vya maziko, taka zinajaa, mabomba yanapasuka, wafanyakazi wanasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, na mkandarasi aliyemaliza daraja anataka malipo yake. Shirika la Afya Duniani lilipoitaja COVID-19 kuwa janga la dunia, tarehe 11 Machi 2020, ofisi za umma zilikimbilia ndoo za kunawia mikono na vipima joto mlangoni. Zilikuwa na haki. Lakini ofisi ikifika wiki ya tatu ikakwama, tatizo huwa si sabuni. Mtu mmoja yuko karantini, na ndiye pekee mwenye idhini ya benki.

Kwa hiyo tenga nusu siku, keti na wakuu wa idara, chora jedwali. Kila aina ya kazi ipate mstari wake: nani anaandaa, nani anaidhinisha, nani analipa, nani anashika ufunguo, nywila au muhuri. Popote jina moja linaposimama peke yake, hapo pana tundu. Matundu ya kawaida ni mhasibu mwenye kifaa cha kuthibitisha malipo ya benki, karani mwenye muhuri, na fundi anayejua peke yake namna mfumo wa mishahara unavyofungwa kila mwezi. La nne husahaulika: mlinzi mwenye funguo za masijala.

Kila jina hilo lipewe makaimu wawili. Mmoja hatoshi, kwa kuwa kaimu wa kawaida hukaa meza ya pili na mwenye kazi, wanakunywa chai pamoja, na wataingia karantini siku moja. Wa pili atoke ghorofa nyingine au idara nyingine. Barua ya ukaimu itaje mambo matatu: kazi zipi, mwisho wa kiasi cha fedha anachoweza kuidhinisha, na tarehe ukaimu unapokoma. Benki nayo haibadilishi watia sahihi kwa simu. Huhitaji azimio la baraza, vielelezo vya sahihi na vitambulisho, na mara nyingine mtu afike mwenyewe, kwa hiyo jambo hilo lifanywe watu wakiwa wazima.

Watu wakipungua, kishawishi kikubwa ni kumwacha aliyeandaa hati ya malipo aiidhinishe mwenyewe, eti kwa wiki hii tu. Kataa. Wakibaki wawili, azima wa tatu kutoka idara nyingine: atumiwe nakala za ankara, hati ya kupokea mali na hati ya malipo, naye ajibu kwa barua pepe ya ofisi. Idhini ya WhatsApp kwenye simu binafsi haifai. Simu hupotea, mtu huhama kazi, na mkaguzi huja kuuliza miaka miwili baadaye.

Zamu zinazofanya kazi

Kugawa ofisi katika makundi mawili yasiyokutana ni wazo zuri linaloharibiwa na mambo madogo. La kwanza ni kuwagawa watu kwa alfabeti au kwa urafiki, halafu wahasibu wote wanaangukia kundi moja. Gawa kwa kazi: kila kundi liwe na mwandaaji, mwidhinishaji na mtu wa masijala. La pili ni makabidhiano ya Ijumaa, pale makundi yote mawili yanapojaa chumba kimoja kupeana taarifa, na maana ya zamu inaishia hapo. Kabidhianeni kwa karatasi moja yenye safu nne: jalada, lilipofikia, hatua inayofuata, tarehe ya mwisho. Penye utata, pigeni simu. La tatu ni watu wanaozunguka pande zote bila kuhesabiwa: dereva, mhudumu wa chai, mtarishi mwenye daftari la kupelekea barua. Nao wapangwe kwenye zamu.

Si kila kazi inastahili mtu ofisini. Zipange kwa swali moja: ikisimama, nani ataumia na baada ya muda gani? Maji, taka, zimamoto na vibali vya maziko haviwezi kusubiri saa 24. Malipo ya wagonjwa, chakula na mafuta ya magari ya dharura yanaweza kusubiri siku chache. Vibali vya ujenzi vinaweza kusubiri wiki, ila andika ni wiki ngapi. Neno “vimesitishwa” bila tarehe huzaa majengo yasiyo na kibali.

Kikao cha baraza

Hapa ndipo makosa yanapogharimu zaidi, kwa sababu uamuzi uliopitishwa vibaya unaweza kubatilishwa mahakamani pamoja na bajeti inayoutegemea. Swali la kwanza ni la sheria, kabla ya kompyuta: je, sheria inayoanzisha baraza inaruhusu mjumbe kuhesabiwa kuwa yupo akiwa mbali? Katika jimbo la California, Marekani, Machi 2020, gavana alilegeza kwa amri yake masharti ya sheria ya vikao vya wazi ili mabaraza yakutane kwa simu na mtandao. Uingereza ilitunga sheria ya dharura mwaka 2020, lakini ruhusa ilihusu vikao vya kabla ya tarehe 7 Mei 2021. Mahakama ilipoulizwa mwezi Aprili 2021 kama sheria ya zamani inaweza kusomwa kwa namna itakayoruhusu vikao vya mtandaoni viendelee, ikasema hapana, na mabaraza yakalazimika kurudi kumbini. Mwanasheria wa kaunti aliandike jibu la swali hilo, na waraka wake uwekwe ndani ya kumbukumbu za kikao cha kwanza.

Ikiwa ruhusa ipo, tangazo la kikao libebe njia mbili za kuingia: kiungo cha mtandao na namba ya simu ya kawaida. Mwenye simu ya kitochi naye ana haki ya kusikiliza baraza lake. Wajumbe waingie dakika 20 mapema, karani aite majina mmoja mmoja, kila mmoja ajibu kwa sauti.

Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali, haihesabiwi mara moja tu. Tuseme baraza lina wajumbe 15 na akidi ni 8. Mmeanza mkiwa 9, intaneti ya wawili imekatika, sasa mko 7, na hakuna aliyegundua kwa sababu picha zao zimeganda skrini zikionekana hai. Karani ahesabu kabla ya kila kura, na kura ipigwe kwa kuita majina. “Wanaokubali waseme ndiyo” haifai mtandaoni. Sauti hugongana na programu huchagua moja. Kanuni iandikwe mapema pia kuhusu mjumbe aliyekatika katikati ya hoja: mnasimama kwa muda gani kumsubiri, na akirudi anaelezwa kwa kifupi au anakaa nje ya kura hiyo.

Wananchi wanapopewa nafasi ya kusema, kumbukeni kwamba matangazo ya moja kwa moja huchelewa, mara nyingi kwa sekunde 20 au 30, wakati mwingine zaidi. Mwenyekiti akiuliza “kuna mwingine?” na kufunga baada ya sekunde tano, anayetazama nyumbani hajalisikia hata swali. Ngoja dakika nzima. Kimya hicho kinaudhi, lakini malalamiko ya kunyimwa nafasi yanaudhi zaidi.

Kuna suala la kitufe pia. Mwezi Februari 2021 ilisambaa video ya kikao cha baraza dogo la Handforth, Uingereza, kilichofanyika Desemba 2020: wajumbe wakibishana juu ya mamlaka ya anayeendesha mkutano, na mwenyekiti akaondolewa kwa kubonyezwa kitufe. Watu walicheka. Kwa karani lile ni somo. Anayeshika mitambo aandikiwe mamlaka yake: anaweza kumnyamazisha nani, kwa agizo la nani, na mjumbe akitolewa akidi inakuwaje. Washeni nywila na chumba cha kusubiri, na zimeni ruhusa ya kila mtu kuonyesha skrini yake, maana wahuni wa mtandaoni hupenda vikao vya umma. Gumzo la maandishi kati ya wajumbe lizimwe kabisa, kwa kuwa ni mjadala ambao mwananchi haoni.

Kikao cha faragha kiwe na kiungo chake. Msitumie kile kile kwa kuwatoa watu. Atasalia mmoja tu mliyemsahau. Kila mjumbe atamke kwamba yuko peke yake chumbani na amevaa visikilizio.

Tarehe za mwisho na adhabu

Mkitaka kuwasogezea wananchi muda wa kulipa kodi ya ardhi au leseni, azimio lenye tarehe lipitishwe kwanza, kisha mtu wa mfumo aambiwe siku hiyo hiyo. Kompyuta haisikilizi redio. Isipobadilishwa itaanza kuongeza adhabu usiku wa tarehe ya zamani, na kurekebisha akaunti moja moja baadaye ni kazi ya miezi. Jaribuni kwa akaunti moja kabla ya tangazo.

Sanduku la nje la kupokea barua lina thamani, mradi lifunguliwe kila siku kwa saa ile ile na watu wawili, na kila bahasha ipigwe muhuri wa tarehe pale pale. Mwanzoni mwa COVID-19 kuna waliolaza karatasi siku tatu wakiogopa virusi. Baadaye mamlaka ya magonjwa ya Marekani, CDC, ilieleza kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa sehemu yenye virusi kwa jumla iko chini ya 1 kwa 10,000. Zabuni iliyolala sandukuni siku tatu ni hatari kubwa kuliko hiyo.

Hapo hapo niguse usafi, kwa kifupi. Kwa meza na vitasa, klorini ya asilimia 0.1 inatosha. Kama chupa yako ni ya asilimia 5, weka mililita 20 halafu jaza maji hadi ifike lita 1. Sugua kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu huimaliza klorini nguvu. Changanya upya kila siku, wala usiichanganye na dawa yenye asidi au amonia. Hewa ya mchanganyiko huo ni sumu. Kunyunyizia watu dawa mlangoni hakuna faida na kunawadhuru macho na mapafu. Kwa ugonjwa unaosafiri hewani, madirisha wazi na foleni iliyohamishiwa nje vinafaa kuliko lita zote hizo.

Manunuzi ya dharura

Fungueni kifungu chake cha bajeti tangu siku ya kwanza. Gharama za janga zikichanganyika na za kawaida, hamtaweza kudai fidia serikali kuu wala kumjibu mkaguzi. Ununuzi wa haraka unaruhusu kufupisha siku, lakini hauondoi karatasi. Jalada liwe na sababu ya dharura, wauzaji walioulizwa bei kwa tarehe na saa, aliyechaguliwa na kwa nini, na hati ya kupokea yenye sahihi mbili. Mali ihesabiwe. Katoni iliyoandikwa barakoa 2,000 ifunguliwe: masanduku 40, kila moja 50. Fungua machache uhesabu hadi chini. Na tairi, dawati au gari la mkuu visipitie mlango huu, hata vikihitajika kweli.

Kila kibali cha dharura kina tarehe ya kukoma, na wiki sita kabla yake karani atoe orodha ya vyote vilivyo hai. Hapo huwa panasahaulika jambo moja: benki haijui kwamba ukaimu umeisha. Pelekeni azimio la kuondoa sahihi za makaimu, mrudishiwe vifaa vya kuthibitisha malipo, nywila zibadilishwe, kisha mwombe benki iwape kwa maandishi orodha mpya ya watia sahihi, mwilinganishe na lile jedwali la siku ya kwanza.