Kompyuta Inazima Yenyewe Mchana: Mazabodi Imekufa au Fundi Kachoka?

Swali

Mwangaluka fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Isevya, Tabora. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Core i5 kizazi cha nne, ina Windows 10. Tangu mwezi wa nane inazima ghafla, hasa mchana nikiwa nachapa mitihani. Nikiwasha papo hapo inagoma, nikiiacha kama nusu saa inawaka vizuri. Kila umeme ukikatika saa yake inarudi nyuma miaka mingi, halafu Google haifunguki, inaniambia muunganisho si salama. Na nikiligusa kasha nikiwa peku linanipiga shoti kwa mbali. Fundi kapiga Windows mara mbili, tatizo liko palepale, sasa anasema mazabodi imekufa ninunue nyingine. Mitihani na picha za familia zote zimo humo, nakala sina. Nifanyeje?

Jibu

Mwangaluka, mwalimu. Mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, usinunue kwanza. Katika uliyoyaeleza kuna matatizo matatu yasiyohusiana, na hakuna hata moja ambalo dalili yake ya kwanza ni mazabodi. Ila kabla ya kushika bisibisi, tuokoe mitihani.

Windows imepigwa mara mbili na mafaili yako bado yapo. Inaonekana yako kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski, au fundi wako alikuwa mwangalifu. Usimpe nafasi ya tatu kabla hujatoa nakala, kwani kosa dogo tu wakati wa kugawa diski linafuta kila kitu. Washa asubuhi na mapema, kabla jua halijakolea, uanze na mitihani. Mafaili ya Word ni mepesi, kazi ya miaka yako yote ya kufundisha huenda ikaenea kwenye flashi ya GB 8. Picha zinataka diski ya nje. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine mahali pengine kabisa: kwa ndugu, au Google Drive, ambako GB 15 za kwanza hulipii. Flashi utakayotumia isiwe ile unayoipeleka steshenari kuchapishia, maana huko ndiko inakookota virusi vinavyoficha mafolda na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukikutana navyo usibofye njia ya mkato hata moja. Mafaili huwa yapo, yamefichwa tu. Isafishe flashi kwanza kwa Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike `attrib -h -r -s /s /d F:\*.*`, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya F.

Sasa tuje kwenye kuzima.

Kompyuta yenye ugonjwa wa Windows huwa haiondoki kimyakimya. Inaganda, inaleta kioo cha bluu chenye maandishi, inajiwasha upya. Ile inayokata ghafla kama mtu kachomoa plagi, kisha ikakataa kuwaka mpaka ipumzike, mara nyingi ni joto. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ina kinga yake ndani. Ikikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo, na hapo wewe unaona mashine imekuwa nzito. Joto likizidi kupanda inakata umeme wote ili isiungue. Ile nusu saa unayosubiri ndiyo inayopoa. Na miezi uliyoitaja ni ya kiangazi cha Tabora, mchanga unapeperuka tangu mwezi wa tano na joto linazidi kuelekea Oktoba. Prosesa ya kizazi cha nne ilitoka mwaka 2013, kwa hiyo mashine yako ina umri wa zaidi ya miaka kumi, na sijui kama imewahi kufunguliwa tangu ishuke kwenye meli.

Kuna kipimo kisicho na gharama ambacho fundi wako angekifanya kabla ya kugusa Windows. Washa mashine huku ukibonyeza F10 kama ni HP, au F2 kama ni Dell, mpaka uingie kwenye mipangilio ya BIOS. Iache hapo saa nzima, usifanye chochote. Ukiwa humo Windows haijaanza kabisa. Ikizima ukiwa humo, basi hata ukipiga Windows mara ishirini unapoteza muda na hela. Ila isipozima usifurahi haraka, kwani BIOS haiichoshi prosesa kama kazi zako za kawaida. BIOS nyingi pia zinaonyesha nyuzi joto za prosesa. Ukiwa ndani ya Windows, Core Temp ni programu ya bure inayofanya kazi hiyohiyo. Nyuzi 40 au 50 mashine ikiwa imetulia si neno, na hadi 80 ikiwa kazini inavumilika. Ukiona 90 na zaidi wakati unachapa tu maandishi, jibu umelipata.

Fundi anaweza kukuonyesha kwenye daftari la matukio la Windows mstari mwekundu ulioandikwa Kernel-Power 41 na kukuambia huo ndio ushahidi. Ushahidi wa nini? Mstari ule unasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Hata TANESCO wakikata umeme unaandikwa uleule.

Kusafisha unaweza mwenyewe. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili mabaki ya umeme yaishe. Litoe kasha nje kivulini, ufungue ubao wa pembeni. Chukua brashi ya rangi mpya, laini, kavu, na bloa kama unaweza kuazima. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, maana ikizungushwa kwa upepo mkali inaharibu beringi zake. Usiishie juu juu. Vumbi baya liko chini ya feni ya prosesa, kati ya mapezi ya chuma, limeshikana kama blanketi na ukitazama kwa juu hulioni. Fungua feni hiyo ulifuate. Usitumie kitambaa kibichi. Pawa saplai, lile boksi dogo la chuma linakoingia waya wa umeme, ipulize kwa nje tu, usilifungue: ndani kuna kapasita zinazotunza umeme hata baada ya kuchomoa. Usishangae ukikuta mjusi aliyekauka au kichuguu cha sisimizi. Kompyuta ina joto na giza, kwa wadudu ni nyumba nzuri.

Kazi ya kumwachia fundi ni pesti ya prosesa, ile dawa nyeupe au ya kijivu kati ya prosesa na chuma cha kupoozea. Ikikaa miaka mingi inakauka kuwa unga, na joto halipiti tena. Anaondoa ya zamani kwa spiriti, anaweka mpya kiasi cha punje ya choroko, anafunga. Simama pale uone. Wapo wanaopaka dawa ya meno, ambayo inafanya kazi siku chache kisha inakauka, na unarudi kulipa tena.

Mashine ikirudi iinue kutoka sakafuni, iweke hata kwenye stuli, na iache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Kile kitambaa cha kusuka cha kufunikia ni kizuri, ila kifunike mashine ikiwa imezimwa na imepoa.

Na ikizima hata baada ya usafi, wakati joto linasoma vizuri? Hapo anayefuata kushukiwa ni pawa saplai, hasa kama inazima pia jioni wakati taa za mtaani zinafifia. Umeme wetu ni volti 230, lakini nyumba za mwisho wa laini saa za mapishi hupata pungufu, na pawa saplai iliyochoka haivumilii. Fundi ajaribishe nyingine kabla ya kukuuzia chochote. Ajue tu kwamba kompyuta nyingi za maofisini za HP na Dell zina plagi za ndani za aina yao, si kila pawa saplai inaingia. Baada ya hapo ndipo mtazame mazabodi: zile kapasita ndogo za duara vichwa vyake vinatakiwa kuwa bapa. Zikiwa zimevimba au zimetoa utomvu, nitakubaliana naye. Hata hivyo kwa mashine ya kizazi cha nne mimi nisingenunua mazabodi. Ningetafuta kasha zima la mtumba la kizazi cha juu zaidi na kuhamishia diski yangu.

Suala la saa ni jepesi. Juu ya mazabodi kuna betri ya duara, ndogo kuliko sarafu, imeandikwa CR2032. Ni ya volti 3, inaishi miaka kadhaa, na kazi yake ni kutunza saa wakati umeme haupo. Yako imekwisha. Google inakataa kwa sababu tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko mwaka 2013 inakiona cheti hicho hakijaanza kutumika, inadhani ni cha kughushi. Nunua betri, sukuma kibanio pembeni, toa ya zamani, weka mpya maandishi yakiwa juu, rekebisha tarehe. Usikubali mtu akwambie hicho ni kirusi.

Shoti ya kasha ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu, kwa sababu wengi huicheka na kuvaa ndala.

Ndani ya pawa saplai kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele za umeme. Zinaunganisha nyaya mbili za umeme na kasha, na kasha linatakiwa liwe limeunganishwa na erthi ya nyumba kupitia pini ya tatu ya plagi. Erthi ikiwepo, kile kidogo kinachovuja kinakwenda ardhini. Isipokuwepo, kasha linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo mno, ndiyo maana unasikia mtekenyo tu ukiwa peku. Lakini siku kitu kingine kikiharibika ndani na waya wa moto ukagusa kasha, hakuna njia ya kuupeleka ardhini isipokuwa mwili wako au wa mtoto. Kwa hiyo hili lisingoje mwisho wa mwezi. Angalia kwanza kama unatumia ekstensheni au adapta ya pini mbili. Kama ni hiyo, itupe. Kama plagi ni ya pini tatu na imeingia ukutani moja kwa moja, basi soketi haina erthi, au waya wa erthi umekatika, au ile fimbo ya nje imelegea kwenye ardhi iliyokauka. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime kwa mita. Hii si kazi ya fundi kompyuta, wala ya mtu mwenye testa mfukoni.

Ukishapata erthi ndipo ufikirie kinga. Ekstensheni yenye taa nyekundu si kinga, ni matundu tu. Firijigadi inasaidia kiasi: umeme ukipanda au kushuka mno inakata, na ukirudi inasubiri utulie. Kinachokufaa wewe ni UPS, boksi lenye betri linaloendelea kuilisha kompyuta umeme ukikatika. Ya VA 650 inatosha kompyuta na kioo kwa dakika kadhaa, muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri ya UPS huishi miaka mitatu hadi mitano, na joto linaifupisha, kwa hiyo ukinunua ya mtumba chomoa plagi ukutani palepale dukani uone kama kompyuta inabaki hai. Mvua za Novemba zikianza na radi zake, hata UPS si ya kuitegemea. Chomoa waya ukutani, na kama una waya wa intaneti unaotoka nje, chomoa na huo.

Mwisho ni Windows yenyewe. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft waliwaongezea watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, na kujiandikisha kunafanyika kwenye mipangilio, sehemu ya Windows Update. Windows 11 haikubali rasmi prosesa yako, inaanzia kizazi cha nane cha Intel. Fundi anaweza kuilazimisha, ila kwa kompyuta yenye mitihani nisingeichezea hivyo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo Windows mbili alizopiga: muulize leseni yake aliipataje. Kama alitumia programu ya kuvunja leseni, kwa kawaida huwa amezima Defender ili ipite, na wengi husahau kuiwasha tena. Fungua Windows Security uangalie kama alama ni ya kijani. Kama si ya kijani iwashe na uskani diski yote usiku wa manane, mashine ikiwa imeshasafishwa. Antivairasi ya pili usiongeze, zitagombana, na kwa RAM za mashine ya umri huo utajuta.