Gigahezi zangu ni nyingi kuliko zake, mbona ananiacha?

SWALI: Kompyuta yangu mpakato ina prosesa ya Core i7-1255U inayofika gigahezi 4.7. Mwenzangu kazini anatumia kompyuta kubwa ya mezani yenye prosesa ya Threadripper PRO 5995WX, inayofika 4.5 tu. Tukirenda katuni ileile ya 3D, yaani kompyuta ikikokotoa picha zake za mwisho, yake inamaliza nikiwa bado nanywa chai, yangu inakesha. Fundi mmoja ameniambia prosesa yangu "imefungwa" tangu kiwandani, na ana programu ya kuifungua ikimbie 4.7 muda wote. Nimwachie aiweke?

JIBU: Usimwachie. Swali hili hunifikia mara kwa mara, kila safari limevaa nguo nyingine, na mzizi wake ni uleule: mtu amesoma namba moja kwenye kibandiko akadhani amesoma prosesa nzima.

Hiyo 4.7, yaani mapigo bilioni 4.7 kwa sekunde, si uongo. Ni mwendo wa mbio fupi. Una viini 10 (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu), lakini vya aina mbili: viwili vikubwa na vinane vidogo vya kubana umeme. Vikubwa ndivyo vinavyoweza kugusa 4.7, vidogo vinakomea 3.5. Na hata hivyo vikubwa havikai huko, kwa sababu prosesa hii iliundwa kuishi na wati 15. Inaruhusiwa kupanda hadi 55 kwa muda mfupi, nusu dakika hivi au zaidi kidogo kutegemea aliyeiunda kompyuta, kisha inashushwa. Mwendo wake wa msingi ni gigahezi 1.7 kwa viini vikubwa na 1.2 kwa vidogo. Hizo hutaziona kwenye kibandiko. Kufungua ukurasa wa intaneti huchukua sekunde moja, basi unaionja 4.7 na kuridhika. Kurenda ni kazi ya saa nyingi, na huko unafanya kazi na ile prosesa ya wati 15.

Ya mwenzako ina viini 64, vyote vikubwa, na inaruhusiwa wati 280. Mwendo wake wa msingi ni 2.7, yaani hata viini vyote 64 vikibanwa pamoja haishuki kama yako. Kiini kwa kiini hamjapishana sana. Kwa kuandika barua au kukokotoa jedwali dogo, kiini chako kikubwa hakikiogopi cha kwake na huenda kikakitangulia. Lakini kurenda ni kazi inayogawanyika. Picha inakatwa vipande, kila kiini kinachukua chake, hakuna anayemsubiri mwenzake. Ongeza na RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta: yeye ana njia nane za kuifikia, wewe mbili. Mkiwa nyote na RAM ya aina moja, DDR4-3200, kwake zinapita gigabaiti 204.8 kwa sekunde, kwako 51.2. Kashe ya L3, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni megabaiti 256 kwake na 12 kwako.

Sasa tuje kwenye hilo neno "imefungwa", maana ndilo linalonichosha. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na mwendo, na hupanda kwa mraba wa volti. Ukitaka mwendo zaidi, aghalabu volti nazo zipande. Tuseme umeongeza mwendo kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10: 1.2 mara 1.1 mara 1.1, umeshafika karibu asilimia 45 zaidi ya umeme. Wote huo unageuka joto, ndani ya boksi lenye feni moja ndogo na kibomba chembamba cha shaba. Prosesa yako ikigusa nyuzijoto 100 inajipunguza yenyewe, programu ya fundi ipende isipende. Tena chaja nyingi za mipakato ya aina hii ni za wati 45 au 65, na humo humo kuna kioo na betri vinavyodai haki yao. Kilichofungwa ni nini hapo?

Intel yenyewe, iliyounda prosesa yako, iliwahi kuifuata njia ya gigahezi. Prosesa yake ya Pentium 4 ilifika 3.8 mwaka 2004, na mpango wa kutoa ya 4 ukafutwa mwaka huohuo. Ukilinganisha namba tupu, Pentium 4 hiyo ni mara mbili na zaidi ya mwendo wako wa msingi. Kwenye kazi, kiini chako kikubwa kwa 1.7 kinaiacha mbali, maana katika kila pigo la saa ya ndani ya prosesa kinamaliza mambo mengi zaidi. Gigahezi zinahesabu mapigo. Hazihesabu kazi.

Wanaopotosha hawajaisha. Kuna wanaouza programu za "kusafisha RAM", ambazo husukumia diskini data uliyokuwa unaitumia, kisha kompyuta inaanza kuirudisha taratibu. Kuna anayeahidi kukubadilishia prosesa ya mpakato uwekewe "kubwa zaidi", ilhali yako imelehemiwa kwenye ubao, si ya kuchomoa kama ile ya mezani. Niliwahi kuletewa mpakato uliotobolewa matundu chini "upumue". Hewa ikawa inaingilia huko na kukwepa mapezi ya kupoza, ukachemka kuliko mwanzo. Na kuna muuzaji anayetamka "i7" na kunyamaza. Herufi ya mwisho ndiyo habari: U ni ya kubana umeme, H na HX zimepewa wati nyingi zaidi. Asiyeitaja, mwulize.

Upande wa pili nao una hasara zake. Wapo wanaokimbilia viini 64 kwa programu isiyogawanyika. Mbunifu wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967: kama asilimia 10 ya kazi lazima ipite kwenye mstari mmoja, viini 64 havikupi hata mara tisa ya kasi.

Kwako wewe: hariri na upange katuni yako kwenye mpakato, unaliweza hilo vizuri, kisha omba usiku mmoja kwenye mashine ya mwenzako kwa ajili ya kurenda. Fundi akiendelea kushikilia, mwambie aendeshe kurenda kwa dakika 20 mbele yako, wati na nyuzijoto zikionekana kwenye kioo, kabla ya programu yake na baada yake. Dakika ya kwanza msiihesabu.