Muulize Shangazi wa Mlangoni: Benga naisikia kwa mbali tu

Shangazi, hujambo? Nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu shule ya kutwa hapa Kisumu na nyumbani ni Manyatta. Napenda benga na ohangla, muziki wetu wa Kijaluo, kupita kiasi, ila zote nazisikia kwenye simu na kwenye matatu. Jumamosi usiku besi hunguruma upande wa Kondele mpaka usingizi unanipotea. Rafiki yangu anataka tutumie kitambulisho cha dadake tuingie kwenye baa bendi zinakopiga. Baba naye alisema bendi ni za walevi, mazungumzo yakaishia hapo. Nifanyeje?
Msikilizaji wa Mbali, Manyatta

Sijambo, mwanangu. Kitambulisho cha watu kirudishe leo. Nilikaa mlangoni miaka kumi na mmoja, marehemu mume wangu akipiga gitaa la rithm ndani, mimi nje nakusanya kiingilio kwenye mkebe wa Kimbo. Picha ya kitambulisho sikuitazama sana. Nilitazama viatu. Msichana wa shule huja na viatu vya dada mtu, na akipanda ngazi kisigino kinabaki nyuma. Tena siku hizi kuna sheria ya vileo ya 2010: mwenye baa haruhusiwi kumwingiza aliye chini ya miaka 18 mahali watu wanapokunywa. Ukishikwa, matata yatamfikia na mama maskini mwenye mkebe.

Halafu nikwambie ukweli, huko usiku hukosi mengi. Kufikia saa sita kila wimbo unakatwa katikati kwa pakruok: mtu anasimama, anatoa noti, anajisifu yeye na ukoo wake na shemeji zake, na wapigaji wanangoja amalize. Inachekesha mara tatu za kwanza. Wewe unayependa muziki utaifurahia bendi kwenye mazoezi. Yetu ilifanyia mazoezi uani kwetu Nyawita, Jumanne na Alhamisi jioni, na watoto wa mtaa walijua nyimbo mpya kabla ya wateja. Ulizia mtaani kwenu ni nani hupiga gitaa, hakosekani. Nenda mchana, uende na mtu mzima wa nyumbani, omba kukaa pembeni. Ukisaidia kukunja nyaya hakuna atakayekufukuza.

Ukishakaa, usimtazame mwimbaji. Tazama vidole vya anayepiga gitaa la solo. Mwimbaji akimaliza mstari, gitaa linaurudia kana kwamba linamjibu, na mwishoni sauti za watu zinanyamaza magitaa yakabaki yakikimbizana peke yao. Wazee watakwambia udonoaji huo umetoka kwenye nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Wajaluo. Nyatiti nayo ukiipata, usiiache: nyuzi nane, njuga za gara mguuni, na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole cha mguu inayogonga ubao wa chombo chenyewe. Mtu mmoja anafanya kazi ya bendi nzima. Zamani wasichana hawakuruhusiwa kuigusa, mpaka akaja binti wa Kijapani tunayemwita Anyango, akakaa Siaya na kufundishwa. Kwa hiyo hiyo ya "mimi ni msichana" usinijie nayo.

Tafuta pia shughuli za uwanjani mchana, za kaunti, na mashindano ya muziki ya shule. Mwaka wa 2001 mji huu ulipotimiza miaka 100, Suzzana Owiyo wa Nyakach aliuimbia "Kisumu 100". Hoteli za samaki kando ya ziwa nazo huleta bendi mara mojamoja Jumapili, familia zikiwa zinakula; piga simu uulize kwanza. Disko matanga, ile ya usiku kwenye msiba, ndiyo sitaki, hata kama aliyefariki ni jirani wa mlango kwa mlango. Nimewapokea wasichana wa umri wako alfajiri wakitoka huko, na hawakuwa wakizungumzia muziki.

Jambo moja la masikio. Kiti changu kilikuwa kando ya spika, na sikio langu la kushoto linalia kama nzi kwenye chupa mpaka leo, hata ninapoandika haya. Sauti ya desibeli 85 sikio huivumilia kwa muda wa saa nane. Ikifika 100, robo saa inatosha kuliumiza. Pamba haisaidii kitu. Nunua vizibo vya sponji duka la dawa, na usimame mbali na spika.

Sasa baba. Usibishane naye kuhusu walevi, maana walikuwapo. Mpiga besi wetu alilala jukwaani mara mbili, na wimbo ukaendelea. Ngoja jioni ameshakula, umuulize ni wimbo gani uliopigwa kwenye harusi yake, na nani aliupiga. Usiseme neno lingine. Nawajua wanaume wa rika lake wa mji huu: huyo atauimba, atakosea maneno, atamwita mama yako aje amsahihishe. Hapo ndipo umwombe akupeleke Jumapili, mwende wote watatu. Beba shilingi hamsini zako umpe mpiga besi mkononi, kwa sababu wanaotuza humrukia mwimbaji tu.

Na huo wimbo wa harusi, niandikie ni upi. Huenda mume wangu aliupiga.