Makao na shule ya yatima Chamwino: jibu kwa ndugu aliyeuliza kutoka Ujerumani

Ndugu, umeeleza kwamba kikundi cha kanisa lenu huko Ujerumani kimechangishana fedha za kujenga makao ya watoto yatima na shule ya msingi wilayani Chamwino, na unataka kujua pa kuanzia. Nimekuwa mlezi, na baadaye msimamizi, katika makao ya namna hiyo nje kidogo ya Jiji la Dodoma, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyashughulikia mwenyewe.

Kuhusu ardhi na usajili sitakawia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, hivyo mtahitaji shirika lililosajiliwa hapa nchini, lenye bodi ya watu wanaoweza kufika wenyewe kwenye mkutano mkuu wa kijiji siku ombi lenu litakapojadiliwa. Leseni ya makao ni jambo jingine: inatolewa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na safari yake huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mwoneni huyo kabla ya kumwona fundi.

Suala zito ni nani hasa atakayelala kwenye vitanda hivyo. Wengi wa watoto tuliowapokea walikuwa na mzazi mmoja aliye hai, au bibi, au mjomba. Kilichowaleta kwetu ni njaa na mahitaji ya shule, wala si kukosa ndugu. Bibi mmoja wa Bahi alikuwa akija kumwona mjukuu wake akiwa na mlenda mkavu alioufunga kwenye kipande cha kanga; kabla hata ya kunywa maji alimkagua mtoto kucha na masikio, kisha akatuuliza kama unga unatosha. Mwaka ambao uwele ulikubali shambani kwake aliomba arudishiwe mtoto, ustawi wa jamii wakaridhia, nasi tukaendelea kumpelekea sare, madaftari na mahindi ya kuvushia miezi ya njaa. Gharama ilipungua sana, na mtoto akakua akizungumza Kigogo na akijua makaburi ya wazazi wake yalipo. Kwa hiyo ningependa mjenge nyumba ndogo kwa wale wasio na mtu kabisa, na sehemu kubwa ya fungu lenu iende kwa mabibi wa aina hii, ingawa najua kwamba bibi hawekwi jiwe la msingi wala hapigwi picha ya uzinduzi.

Shule yenu wenyewe siishauri kwa sasa. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na upungufu uliopo ni wa madarasa, madawati, matundu ya vyoo na nyumba za walimu. Mkijenga vyumba viwili vya madarasa katika shule ya kijiji, mtoto wa makao atasoma pamoja na wa jirani. Mkimjengea shule ya peke yake ataitwa “mtoto wa kituo” mpaka anamaliza, na ninyi mtabaki na mishahara ya walimu kila mwisho wa mwezi.

Maji nayo yaingie kwenye bajeti mapema. Huku mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na visima virefu vingi vina chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu. Wekeni mifereji kwenye paa zote na matangi makubwa, na maji ya kisima yapimwe kabla ya kununua pampu.

Umeuliza pia kuhusu vijana wenu kuja kujitolea kwa wiki chache. Waje kama wageni, wakae na viongozi wa kijiji, waone mahesabu. Lakini kulala na kulea watoto waachiwe walezi wa kudumu, kwa sababu watoto wadogo huanza kumwita mgeni mama, na akiondoka sisi ndio tunaobembeleza usiku. Nauli zao zingemlipa mlezi mmoja kwa miezi mingi.