Kwa aliyeuliza kama Pugu, nje kidogo ya katikati ya Dar es Salaam, panafaa baiskeli ya tairi jembamba

Kaka, itaenda, ila utajuta. Lami mpaka Kisarawe haina shida, ukiacha malori ya Gongo la Mboto njiani (ondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, jua likichomoza uwe umeyapita). Kazi inaanza ukiiacha lami na kuingia vumbi la vijijini kandokando ya msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Kule ni panda shuka, na shida kubwa siyo mlima, ni mchanga wa mabondeni: unashuka kwa kasi, halafu gurudumu la mbele linazama ghafla. Weka tairi za milimita 40 kwenda juu na upunguze upepo kidogo. Shikilia usukani kwa ulegevu, usifinye breki ya mbele.

Masika, Machi hadi Mei, mimi siendi. Udongo ule mwekundu unaganda kwenye uma wa baiskeli, pale gurudumu linaposhikiliwa, mpaka gurudumu linagoma. Vijito vya huko ndiyo chanzo cha Mto Msimbazi, na Msimbazi ukijaa unaujua mwenyewe.

Kuingia ndani ya hifadhi ya msitu huo kuna kiingilio, lipa kwanza getini. Beba maji na mipira miwili ya akiba ya ndani ya tairi, miiba ipo.