Jibu: Nimeshonwa mlango wa kizazi, je nilale tu mpaka nijifungue?
Pole mdogo wangu, hiyo hofu ya kila ukienda chooni unachungulia damu naijua, hata mimi nilishonwa huo uzi wa kuzuia mlango wa kizazi usifunguke mimba ikiwa bado changa. Kulala kutwa si lazima kama daktari hajakwambia, tena kulala sana kunaweza kugandisha damu miguuni, we tembea taratibu tu, ndoo za maji waachie wengine (mama mkwe akikuita mvivu mwache aseme), tendo la ndoa muulize daktari kwanza. Uzi kawaida unatolewa wiki ya 36 au 37. Ila ukiona damu, maji yanavuja, uchafu unanuka, homa au tumbo linabana na kuachia, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali hata usiku wa manane, uchungu ukianza uzi bado upo unaweza kuchana mlango wa kizazi.