Blanketi, jiko la mkaa na paka wa Thorndike

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mwanafunzi wa chuo afaulu kwa kukesha au kwa kusoma kidogo kidogo kila siku? Aliyetunga swali bila shaka anaishi Dar. Sisi wa nyanda za juu tungeulizwa kwanza: unasomea wapi, na unaota moto gani?

Nilisomea ualimu Iringa. Tulipanga chumba Kihesa, wasichana wanne, na Juni ya Iringa haina cha msalie mtume. Ukirudi jioni kutoka kimbwetani, kwenye viti vya zege vya kusomea nje, vidole havishiki kalamu. Unapanda kitandani na desa lako, yaani kitini cha notisi, unajifunika blanketi "mpaka nipate joto tu", ukishtuka ni alfajiri na desa limekunjika chini ya mbavu. Mtu akijisifu kwangu kwamba alisoma kila jioni mwezi wa Juni, namuuliza kwao wapi.

Kukesha nako sikukubali. Wanaokesha husoma kurasa zilezile mara nne, wanapiga mistari ya rangi, wanajiona wameelewa kumbe macho tu yamezoea ukurasa.

Sasa kuna usiku mmoja. Kesho yake tulikuwa na UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, wa saikolojia ya elimu. Umeme ukakatika saa mbili. Tukawasha mishumaa, na kwa akili zetu za mwaka wa pili tukaingiza jiko la mkaa ndani, tukafunga dirisha, tukaziba na kanga chini ya mlango. Raha! Birika la chai ya tangawizi juu ya jiko, kila mtu na desa lake. Kufika saa tano kichwa kinanigonga, nikadhani ni msuli wa kusoma. Mwenzangu akasema anasikia kichefuchefu. Wa tatu ukimwita anaitika kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya ulanzi. Ule moshi usioonekana, kaboni monoksaidi, hauna harufu wala rangi. Unakulegeza huku unajiona umeshiba joto. Aliyetuokoa ni yule wa nne aliyekuwa ametoka kwenda chooni. Kurudi akatukuta tumelegea, akatuburuta mmoja mmoja hadi barazani. Hospitali hatukwenda. Huo ulikuwa ujinga wa pili.

Kuingia tena tuliogopa. Vitabu vimebaki ndani, taa hakuna, baridi inakata masikio. Tukabanana chini ya mablanketi yote manne, na ili mgonjwa wetu asilale, maana tuliogopa akilala haamki, tukaanza kumuuliza maswali ya mtihani: mnyama gani alifanyiwa majaribio na mwanasaikolojia yupi.

"Paka kwenye sanduku ni wa nani?"

"Thorndike."

"Mbwa wa kudondosha mate?"

"Pavlov."

"Njiwa?" Kimya. "Njiwa, we dada!"

"Skinner."

"Sokwe na ndizi?"

Hapo tukakwama sote. Kila mtu anajua ni ukurasa upi, upande upi, jina halitoki. Tulibishana karibu nusu saa mpaka Köhler akapatikana. Kisha Ebbinghaus, yule Mjerumani aliyejikaririsha silabi zisizo na maana ili apime anavyosahau, akachapisha matokeo yake 1885. Huyo alitufanya tucheke mpaka mama mwenye nyumba akachungulia dirishani kuuliza kama tumelogwa: muhula mzima tumemkariri bingwa wa kusahau, na tumemsahau.

Imepita miaka zaidi ya ishirini. Desa la muhula ule sikumbuki hata jalada lake. Köhler ninaye mpaka leo. Nikiwa kazini nikaja kusoma utafiti wa Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, wa 2006. Waliwapa wanafunzi wa chuo makala fupi. Wengine wakayarudia kuyasoma, wengine wakajaribu kuyaandika kwa kukumbuka tu. Baada ya dakika tano waliorudia ndio walioongoza. Baada ya wiki moja, waliojikumbusha wakawaacha mbali. Nikasema, ala, baraza la Kihesa hilo!

Kwa hiyo nimeanza kwa kupinga kukesha, na mfano pekee nilio nao ni wa kukesha. Haya. Pengine si usiku uliotusomesha bali kukosa vitabu, na hata mchana ungefaa, kimbwetani, desa likiwa limefungwa. Ila mchana nani anafunga desa? Tena nisiwadanganye: mimi niliambulia C. Mgonjwa wetu, aliyeulizwa maswali usiku kucha, alipata B+. Aliyetuokoa alikula sapu, mtihani wa marudio, naye alikuwa pale pale chini ya blanketi.

Mwanangu yuko mwaka wa pili hapa Mbeya, kapanga Iyunga. Juzi kaniomba hela ya jiko la mkaa, eti baridi imezidi. Nimekwenda Mwanjelwa nikamnunulia blanketi zito, nikijua fika litamlaza.

Mwalimu, Uyole